Somo la Wiki: Nyoka Anapojivua Gamba



Jumamosi iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alikuja darasani na huzuni. Chatu wake mdogo amejivua gamba vipande vipande, na kipande kimoja kimebaki mkiani. "Mwalimu, nikivute?" Nilimjibu kama ninavyosema wodini bandeji ikigandamana na kidonda: usivute, lowesha kwanza.

Tuanze na maneno. Kuvaa ni kuweka nguo mwilini, kuvua ni kuitoa. Nyoka hujivua gamba, yaani ngozi ya juu iliyochakaa. (Kuvua samaki ni neno jingine!)

Kwa nini gamba hugoma kutoka? Chatu huyu asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, hadi Uganda. Hapa Dubai, nje kuna joto na unyevu, lakini ndani kiyoyozi hukausha hewa mchana na usiku. Hewa ikikauka, gamba hukatika.

Dalili: rangi hufifia, macho huwa kama yametiwa maziwa, na mara nyingi nyoka hukataa kula. Haoni vizuri, basi usimshikeshike. Siku chache baadaye macho hung'aa tena, kisha hujivua.

La kufanya:

1. Weka kipima unyevu. Siku za kawaida asilimia 50 hadi 60. Akikaribia kujivua, karibu 70.
2. Mpe kisanduku chenye tundu, ndani uweke taulo za karatasi zilizoloweshwa na kukamuliwa. Zibadilishe kila siku.
3. Weka bakuli kubwa la maji safi. Usiloweshe tangi zima, ngozi itaharibika.
4. Kagua gamba. Zuri hutoka zima, limegeuzwa kama soksi, pamoja na vifuniko vya macho. Kifuniko au pete ya mkiani ikibaki, nendeni kwa daktari wa wanyama. Pete hubana damu, na ncha ya mkia yaweza kufa.
5. Nawa mikono kwa sabuni. Nyoka huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Wazazi, sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2016 inakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari. Ulizeni kabla ya kununua nyoka yeyote.

Na yule chatu? Alilala kisandukuni usiku mmoja, kipande kikatoka chenyewe.

Zoezi: Tunga sentensi mbili, moja ya "vaa", moja ya "vua". Kisha mpigie bibi au babu simu, umwamkie, umuulize kama aliwahi kuokota gamba la nyoka shambani. Andika alichokwambia.