Mtoto Amekataa Samaki? Anza na Shombo na Miiba

Nyumbani kwetu Kigamboni samaki ni kitoweo cha siku nyingi za wiki. Soko la Feri liko ng'ambo tu ya maji, ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni umeshafika, na kwa familia inayopiga hesabu ya kila shilingi, fungu la vibua hulisha watu wengi kuliko nusu kilo ya nyama. Kwa hiyo mwanangu wa pili alipofika miaka mitatu na kuanza kuziba pua kwa ncha ya kanga yangu kila nikifunua sufuria ya samaki, nilijua nina kazi ya kufanya. Sasa ana miaka mitano. Anakula vibua, nguru na dagaa, na changu anaomba mwenyewe. Naandika njia niliyopita kwa ajili ya mzazi anayemaliza jioni zake akibembeleza na kutishia mbele ya sahani iliyopoa.

Msimamo wangu ni huu: mtoto anayekataa samaki mara nyingi ana sababu ya haki. Harufu inamkera, au aliwahi kuchomwa na mwiba na hajasahau. Ukiyamaliza hayo mawili kabla sahani haijafika mkekani, kazi inayobaki ni ndogo.

Jua anachokikataa

Muulize wakati ambao hamli, mkiwa mmetulia. Kuna mtoto anayekerwa na harufu, kuna anayeogopa mwiba, kuna asiyependa jicho la samaki likimtazama sahanini, na kuna asiyeupenda ulaini wa mnofu mdomoni. Kila mmoja ana dawa yake. Wangu alinijibu kwa kifupi: "Ananuka. Ana miba." Mwiba ulikuwa umemchoma ufizi kwenye shughuli moja mtaani, akalia mpaka akalala, na tangu siku hiyo akiona samaki anafunga mdomo.

Ujue pia kwamba watoto wengi wa kati ya miaka 2 na 6 hupita kipindi cha kukataa vyakula, hata vile walivyokuwa wakila wakiwa wadogo zaidi. Ni sehemu ya kukua. Mtoto wa umri huo hana haja ya kiboko, ana haja ya muda.

Shombo huanzia sokoni

Samaki wa baharini wana kemikali mwilini inayowasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Wakishakufa, bakteria huanza kuigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoinusa. Kadiri samaki anavyokaa juani bila barafu ndivyo shombo inavyozidi. Samaki aliyetoka majini alfajiri hunuka bahari tu, na mtoto mwenye pua kali anaweza kumvumilia.

Ndiyo maana naenda Feri mapema na ndoo yenye mfuniko, nanunua barafu hapohapo. Naangalia macho: yawe maangavu yanayong'aa na yaliyotokeza, yasiwe yamedidimia wala kufanya ukungu. Nafunua mashavu: yawe mekundu, yasiwe kahawia. Nabonyeza mnofu kwa kidole: ukirudi mara moja, samaki ni mzima, shimo likibaki, naaga kwa adabu nahamia meza nyingine. Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo usiku wa giza hupatikana kwa wingi na bei hushuka. Mbalamwezi ikiwa kali huadimika. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, samaki wengi hupanda bei, na hapo wengine tunageukia sato wa Ziwa Victoria.

Sato anafaa sana kwa mtoto anayekimbia harufu, kwa kuwa samaki wa maji baridi wana kiasi kidogo sana cha ile kemikali. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya waliofugwa bwawani hunuka tope. Ndimu na tangawizi huipunguza harufu hiyo.

Siku moja nilimchukua mtoto mwenyewe. Kijana anayepaa magamba ya samaki wangu alimwona kajificha nyuma ya kanga, akamwita: "Bwana mdogo, njoo umshike changu." Akaja taratibu, akagusa magamba kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja. Akauliza kama samaki ana meno. Yule kijana akafunua mdomo wa changu akamwonyesha meno, mtoto akacheka kwa sauti. Njiani kwenye pantoni hakuzungumza jambo jingine. Hakula samaki siku ile, ila hofu yake kwa samaki ilikuwa imepungua. Kama una soko karibu, mpeleke mwanao.

Shombo hutolewa kabla ya moto

Hakikisha magamba yametoka yote, matumbo yametoka, mashavu yametolewa, na ile damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo kwa ndani imekwanguliwa kwa ncha ya kisu. Damu hiyo ndiyo wengi huisahau, na inanuka. Osha kwa maji baridi, kamulia ndimu, pakaza chumvi, acha robo saa, kisha mwaga yale maji yaliyotoka. Tindikali ya ndimu huibana trimethilamini isipae hewani, kwa hiyo pua haipati cha kulalamikia. Baada ya hapo weka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Pilipili waachie wakubwa.

Pika dirisha likiwa wazi, na mtoto acheze nje. Harufu ya mafuta ya kukaangia iliyojaa nyumba nzima inaweza kumshibisha kabla hajakaa kula.

Miiba ni kazi ya mzazi

Anza na samaki ambao miiba yao inatoka kirahisi. Jodari ana minofu minene isiyo na miiba midogo. Nguru akikatwa vipande, mfupa wake mkubwa uko katikati, unautoa mara moja. Kibua akishaiva, unafungua mgongo kwa kidole gumba, unashika uti kwa mkia unauvuta, na miiba mingi inafuatana nao. Mwatiko ni mtamu lakini amejaa miiba midogomidogo, huyo mwache kabisa mpaka mtoto awe mkubwa.

Mimi nachambua kwa vidole, si kwa uma, kwa kuwa kidole kinahisi mwiba ambao jicho halioni. Nachambua mara mbili. Mara ya kwanza natoa vipande vikubwa, mara ya pili natandaza mnofu kwenye sahani nyeupe chini ya mwanga na kuuminya tonge kwa tonge. Halafu nafanya jambo ambalo kwa mtoto aliyewahi kuchomwa lina thamani kubwa: nachambua mbele yake, na tonge la kwanza naonja mimi. Anaona mwenyewe kwamba mwiba umetoka. Imani yake hurudi kwa kuona, maneno peke yake hayamtoshi.

Pishi la kuanzia: katlesi za samaki

Katlesi ndizo zilizotufungulia mlango. Unahitaji nusu kilo ya nguru au jodari, viazi mviringo vinne vya wastani, kitunguu maji kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha tangawizi, giligilani, ndimu, chumvi, yai moja na chenga za mkate mkavu.

Chemsha samaki kwa maji kidogo sana pamoja na ndimu, saumu, tangawizi na chumvi mpaka mnofu uachane na mfupa na usiwe na sehemu inayong'aa kama mbichi. Mpoze, mchambue mara mbili kama nilivyoeleza. Chemsha viazi na maganda yake ili visinywe maji, menya, ponda vikiwa vya moto. Changanya na samaki, kitunguu maji kilichokatwa vidogo sana na giligilani. Finyanga, chovya kwenye yai, garagaza kwenye chenga za mkate, kisha kaanga kwa mafuta yaliyopata moto mpaka ziwe za rangi ya dhahabu. Zikipasuka kwenye mafuta, viazi vilikuwa na maji mengi. Ongeza chenga za mkate kwenye mchanganyiko.

Mara za mwanzo weka viazi vingi na samaki kidogo. Wiki hadi wiki punguza viazi, ongeza samaki. Kumkamulisha mtoto ndimu na kumwachia afinyange zake mwenyewe ni nusu ya mafanikio. Katlesi aliyoifinyanga kwa mikono yake, yenye umbo la gari au nyota, ataila.

Nasisitiza jambo moja: usimfiche. Mimi nilimwambia tangu mwanzo, "Hii ina samaki." Mtoto akigundua amedanganywa, atakataa samaki na katlesi pia.

Panda ngazi polepole

Baada ya katlesi tulihamia vipande vidogo vya nguru vya kukaanga na chipsi. Kisha nguru kwenye mchuzi wa nazi juu ya wali, kwa sababu nazi huulainisha mnofu na kuituliza ladha. Kisha vibua wa kukaanga, mimi nikichambua. Kisha dagaa. Changu wa kupaka, mzima na kichwa chake, tulimweka mwisho.

Kwa dagaa, toa vichwa na matumbo kwanza, uchungu mwingi uko humo. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, hasa wale walioanikwa mchangani. Wakaange wakauke, kisha uwapike na nyanya na nazi au karanga. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, hivyo mtoto hupata kalisi iliyomo. Vibua na dagaa pia wana mafuta ya omega-3, ambayo ubongo na macho ya mtoto yanayahitaji katika ukuaji. Kwa hiyo usione aibu kwamba umeshindwa kununua nguru. Fungu la vibua ni chakula cha heshima.

Wakati wa kula, mwachie uamuzi

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alifundisha mgawanyo wa kazi ambao nimeuona ukifaa nyumbani kwangu: mzazi anaamua kiliwe nini, wapi na saa ngapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Naweka kipande kidogo cha samaki pembeni ya chakula anachokipenda, tunakula, tunazungumza mengine. Akionja, vizuri. Asipoonja, sahani inaondoka bila kelele. Tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika, kwa hiyo kukataa mara ya tatu bado ni mapema mno kukata tamaa.

Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alinisaidia hapa. Alipokuja kututembelea alikaa mkekani na mjukuu, akawa anakula samaki wake kwa utulivu, anachambua, anakusanya miiba pembeni. Mtoto akasogea. "Bibi, nipe." "Chukua, mume wangu." Alikula kwa sababu aliona mtu anafurahia. Watoto huiga. Baba akisusa samaki mbele yao, usitegemee wao wale.

Tahadhari

Mtoto anaweza kuanza kula samaki aliyepondwa vizuri akifikisha miezi 6. Anza na kidogo, mchana, ili umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, mwahishe hospitali.

Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi. Mtoto anaweza kuwa mwekundu usoni, kuwashwa na kutapika, watu wakadhani hapatani na samaki yeyote. Ndiyo maana barafu si anasa.

Papa, nduaro na sulisuli hukusanya zebaki nyingi mwilini kwa kuwa ni wawindaji wakubwa. Uingereza hushauri watoto chini ya miaka 16 wasiwale kabisa. Papa mkavu wa nazi tunampenda pwani, ila watoto nawapikia kingine.

Na mwiba ukikwama kooni, usimlazimishe mtoto kumeza tonge kubwa la ugali ili kuusukuma. Unaweza kuzama zaidi au kuchana koo. Mpeleke kwa daktari autoe.

Mzazi mwenzangu, usimpige mtoto kwa ajili ya samaki na usimhonge pipi. Nunua samaki aliye mzima, mtoe shombo, chambua miiba mbele ya macho yake, kisha kaa naye ule. Mpe mwezi, mpe miwili. Anza wiki hii na katlesi.