Mbwa aliyekatwa mguu: apewe dawa, akandwe, achuliwe

Msomaji mmoja wa Masisi ameuliza swali ambalo wafugaji wengi wa mbwa Kivu Kaskazini watalielewa. Mbwa wake wa kuwinda alinaswa na mtego wa waya msituni, upande wa Walikale. Mguu wa nyuma ulioza, daktari wa mifugo akaukata. Sasa jirani mmoja anamshauri amchue kwa majani na mafuta ya mawese, na mwingine anasema ampe paracetamol. Amsikilize nani?

Paracetamol iwekwe kando. Vidonge vya binadamu vikitolewa kwa kubahatisha huharibu ini la mbwa na chembe nyekundu za damu yake. Ibuprofen na diclofenac ni hatari zaidi: huchimba vidonda tumboni na kuua figo. Dawa zinazofaa, kama meloxicam au carprofen, daktari huzipima kwa kilo za mnyama, na ndizo zinazobeba mzigo siku za mwanzo. Tiba nyingine yoyote huja kuisaidia dawa hiyo, si kushika nafasi yake.

Wanyanga wa Walikale husimulia kwamba mbwa Rukuba ndiye aliyemletea binadamu moto, akaahidiwa urafiki wa milele. Binadamu alipotaka kumfanya mjumbe wake, mbwa aliona bora alale karibu na moto, akaacha kusema. Basi mwenye mbwa inampasa ayasome maumivu kwa macho: anahema ilhali kumetulia, anatetemeka, anakataa chakula, anajilamba mahali pamoja, anageuza kichwa haraka ukikaribia mshono.

Jirani wa kwanza ana hoja, ila majani na mawese visiguse mshono. Siku 3 za kwanza kinachofaa ni baridi. Maji ya chemchemi ya Masisi yanatosha: yatiwe katika mfuko wa plastiki usiovuja, mfuko ufungwe kwa kitambaa kikavu, uwekwe juu ya uvimbe dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Mshono ubaki mkavu. Uvimbe ukishapungua, kitambaa cha maji ya uvuguvugu huwekwa mgongoni na mabegani, si kwenye kidonda.

Mabega hayo yasisahaulike. Hata mbwa mzima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Akikosa mguu mmoja wa nyuma, mzigo wa mbele huongezeka na misuli hukaza. Achuliwe taratibu kwa kiganja, kuanzia chini ya mguu kupanda kuelekea moyoni, dakika chache tu. Akivuta mwili au akinguruma, mkono uondoke.

Asali ni dawa ya kweli kwa kidonda kilicho wazi: ina maji machache na asidi, na bakteria hawapendi kuishi humo. Hata hivyo iwe safi, na mshono uliofungwa vizuri hauihitaji. Utomvu wa mshubiri usipakwe mahali mbwa anapoweza kulamba, kwani humharisha. Kitunguu swaumu kisitiwe katika chakula chake.

Mahali alipo mbwa pana maana yake. Usiku wa milima ya Masisi ni baridi. Atandikiwe magunia makavu, mbali na sakafu ya udongo. Walikale ni joto na unyevu, inzi wako kila mahali: kidonda kitazamwe asubuhi na jioni, kwa sababu funza huingia upesi.

Tiba ya sindano za Kichina nayo hutumiwa kwa mbwa. Chama cha kimataifa cha madaktari wa mifugo wanaoitumia kilianzishwa mwaka 1974. Ni nzuri anapopatikana mjuzi. Asipopatikana, mapumziko, baridi na kuchuliwa vitafanya kazi kubwa.

Atembezwe kwa kamba, hatua chache mara kadhaa kwa siku, na asirudishwe kuwinda kabla daktari hajaruhusu. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mshono ukinuka, ukitoa usaha au ukifunguka, au mbwa akikaa siku nzima bila kula, daktari aitwe siku hiyohiyo. Anayekaa mbali apige simu kwanza, na asimpe mbwa kidonge chochote wakati akingoja jibu.