Hemofilia kwa Mbwa: Urithi Unaofungamana na Jinsi

Mtahiniwa, wengi huandika kwamba mwanamke hawezi kuugua hemofilia. Si kweli. Jeni yenye hitilafu hukaa kwenye kromosomu X, kwa binadamu na kwa mbwa vilevile. Ndiyo maana mbwa hutumika kuchunguza ugonjwa huu wa damu kutoganda. Huko Chapel Hill, Marekani, Brinkhous na Graham walimpandisha jike mbebaji (XᴴXʰ) kwa dume mgonjwa (XʰY), na mwaka 1950 wakaripoti majike wagonjwa.

Chora mraba wa Punnett. Baba humpa kila binti Xʰ. Mama akimpa Xʰ nyingine, binti ni XʰXʰ, anaugua. Kwa hiyo tarajia nusu ya majike wagonjwa. Hata shule isiyo na maabara hapa Katavi, kalamu yatosha. Usiweke jeni hiyo juu ya Y!

Jaribu: dume mgonjwa, jike XᴴXᴴ. Nani ataugua?