Pikapu ya Kikundi Ikikataa Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Mwezi huu somo letu ni juu ya gari kuukuu. Hapa Mulot na kote barabara ya Narok kwenda Bomet, vikundi vingine bado vinategemea pikapu ya Peugeot 504. Gari hii ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa kwetu Kenya. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kwa hivyo si gari mbaya. Ni mzee tu, na mzee anataka kuulizwa polepole anaumwa wapi.

Shida tunayoiona katika vikundi ni hii. Asubuhi gari inakataa, maziwa yako kwenye mikebe na hayangoji. Mtu anasema, "Ni betri." Betri inanunuliwa, gari bado inakataa. Mwingine anasema, "Ni koili." Koili inanunuliwa. Mwishowe inaonekana ni waya uliolegea. Pesa za wanachama zimekwisha, dereva anashukiwa, na mweka hazina hana la kujibu mkutanoni. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa ajili ya waya mmoja.

Gari ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake: nguvu ya betri ya kuzungusha injini, cheche, na petroli. Tafuteni ni kipi kinakosekana, halafu ndipo mfungue mfuko.

Kabla ya kuanza

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Hakuna sigara wala moto karibu, maana betri hutoa gesi inayolipuka na petroli inashika moto haraka. Ukichomoa waya, uwekee alama kwanza, au upige picha kwa simu.

Hatua ya 1: Nguvu ya betri

Washa taa za mbele, halafu mtu mmoja apige stata. Wengine waangalie taa na kusikiliza.

- Taa zikififia sana au kuzima: betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina uchafu. Fungua waya wa kutoa (-) kwanza, kisha wa kujumlisha (+). Safisha ule unga mweupe au wa kijani, kaza vizuri, ujaribu tena. Wakati wa kurudisha, waya wa kutoa uwe wa mwisho. Maji ya betri yakipungua, ongeza maji safi ya betri, si ya mtoni.
- Taa zikibaki kali na stata iko kimya: angalia waya za stata, swichi na stata yenyewe. Kununua betri hapa ni kutupa pesa.
- Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki: acheni betri na stata, hazina makosa. Endeleeni na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Cheche

Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, uilaze ili chuma chake kiguse injini, mbali na tundu ulikoitoa. Usishike kwa mkono mtupu. Shika waya kwa plaisi yenye mpini wa mpira. Mwenzako apige stata kidogo.

Cheche kali ya buluu ni nzuri. Kama hakuna, jaribu vivyo hivyo ule waya mnene utokao kwenye koili. Ikiwa koili inatoa cheche na plagi haipati, tatizo liko katikati: kifuniko cha distributa, rota, au waya za plagi. Msimu wa mvua mara nyingi ni unyevu tu. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Ikiwa koili nayo haitoi, angalia pointi. Zisafishe kwa msasa laini. Nafasi yake ikiwa wazi ni karibu milimita 0.4. Zikiwa sawa, ndipo fundi apime kondensa na koili.

Ukirudisha waya, kumbuka mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ukibadilisha mbili tu, gari itapiga kelele lakini haitatembea.

Hatua ya 3: Petroli

Usiamini mshale wa mafuta katika gari mzee. Chungulia tangi kwa kijiti kisafi. Halafu chomoa waya mnene wa koili ili cheche isitoke, fungua mpira wa petroli kwenye kabureta na uingize kwenye chupa. Piga stata kidogo. Petroli inatakiwa kuruka kwa vipindi. Isipotoka, angalia filta, mpira uliopasuka, au pampu.

Plagi ikitoka imelowa na inanuka petroli, mafuta yamezidi. Rudisha choki, kausha plagi, ngoja dakika kumi, kisha piga stata ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini. Kumwaga petroli ndani ya kabureta ili iwake haraka ni hatari, watu huungua.

Kama pikapu yenu ni ya dizeli, haina cheche. Angalieni plagi za kupasha moto, na kama dizeli iliisha njiani, hewa imeingia na lazima itolewe kwenye filta.

Mambo ya kikundi

Haraka haraka haina baraka. Wekeni daftari la gari: tarehe, dalili, kilichopimwa, kilichonunuliwa. Fundi akisema kitu kimekufa, mwombeni kwa heshima, "Tuonyeshe." Fundi mzuri hachukii kuonyesha. Na kipuri cha zamani kirudishwe mkutanoni wanachama wakione.

Maswali ya kujadiliana

1. Mara ya mwisho gari yetu ilipokataa, tulipima nini kabla ya kununua?
2. Ni nani, mbali na dereva, anayeweza kufanya hatua ya 1? Akina mama na vijana wamefundishwa?
3. Daftari la gari litakaa kwa nani?

Jaribuni hatua hizi siku gari ikiwa nzima. Siku ikikataa, mikono itakuwa imezoea.