Ndege za Angani na Mtungi wa Nyumbani

Yuko mtu ambaye akipanda ndege hushika rozari tangu mlango ufungwapo hata magurudumu yaguse ardhi tena. Hatumcheki. Kusali ni jema, na hofu ya kuinuliwa angani ndani ya chombo cha chuma si hofu ya kijinga. Lakini mtu huyu huyu, akifika kwake na kuona kiu, hutumbukiza kikombe mtungini pamoja na vidole vyake, akanywa bila kuuliza kama maji yale yamechemshwa, wala ni mikono mingapi imekwisha ingia humo tangu asubuhi. Hapo hana hofu hata kidogo. Wiki hii twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mambo hayo mawili, ndege na mtungi, kwa maana yana ujamaa kuliko tunavyodhani.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita tu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Dunia nzima ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Katika siku chache ndege zote za aina ile zilizuiwa kuruka kila mahali. Sasa tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba ugonjwa wa kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya umri wa miaka mitano kila mwaka. Gawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka, nawe utapata watoto kama 1,100 kila siku. Hizo ni ndege saba kama ile ya Addis Ababa, zimejaa watoto watupu: leo saba, kesho saba, hata siku ya Jumapili saba. Lau ndege saba zingeanguka leo na saba kesho, viwanja vyote vingefungwa kabla ya jua kuchwa. Lakini watoto hawa hufa mmoja mmoja, nyumba hii na nyumba ile, na kila nyumba hudhani msiba ni wake peke yake.

Basi yafaa tuulize: ndege zilifikaje kuaminika kiasi cha watu kuzipanda kama mabasi?

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa majaribio wa Wright Field huko Ohio, Marekani, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya ya kivita yenye injini nne. Aliyeirusha ni Meja Ployer Hill, rubani mwenye ujuzi mkubwa. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaishiwa nguvu, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wawili walikufa, Meja Hill akiwa mmoja wao. Wachunguzi hawakuona kasoro katika injini. Mkiani mwa ndege kuna vibao vinavyoiongoza kupanda na kushuka. Inapoegeshwa, vibao hivyo hufungwa kwa komeo ili upepo usivitikise. Siku ile komeo halikufunguliwa kabla ya kuruka. Kazi ndogo, ambayo hata mwanafunzi angeiweza, iliwashinda mabingwa.

Wangeweza kusema, “Tutafute rubani mwenye akili zaidi.” Lakini wangempata wapi? Badala yake marubani walitunga orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kupaa na kabla ya kutua, nao wakaifuata kila safari, hata aliyekwisha ruka mara elfu. Ndege ile iliyoonekana kuwa ngumu mno kuongozwa na binadamu iliundwa baadaye zaidi ya 12,000. Wasomaji waangalie jambo moja hapa. Orodha ile haikumfundisha rubani neno asilolijua. Alijua sana kwamba komeo hufunguliwa. Kazi ya orodha ilikuwa kumlinda na ujuzi wake mwenyewe, kwa maana ni yule aliyezoea ndiye asahauye.

Desturi hii ya marubani ilitufikia hapa kwetu, tena katika hospitali ya Kanisa. Katika mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya namna hiyo katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane duniani. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Dakta Atul Gawande wa Boston, ambaye alikwenda kwa watu wa Boeing kujifunza jinsi orodha njema inavyoandikwa. Hospitali hizo zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Seattle na New Delhi; na mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, katika bonde la Kilombero.

Orodha yenyewe ina mambo 19 tu. Kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, huulizwa jina lake, na upande gani wa mwili utakaopasuliwa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Huulizwa kama dawa ya kuzuia usaha imekwisha tolewa. Kabla mgonjwa hajatoka, sindano na vitambaa huhesabiwa, kisibaki kitu tumboni. Daktari aliyesoma miaka mingi aweza kuona haya kuulizwa mambo ya kitoto kama hayo. Lakini matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalinyamazisha wengi. Hospitali zote nane zikihesabiwa pamoja, waliopata madhara makubwa baada ya kupasuliwa walipungua kutoka 11 katika kila wagonjwa 100 hadi 7; waliokufa walipungua kutoka 15 katika kila 1,000 hadi 8. Mashine mpya haikununuliwa.

Na tusidhani kwamba wakubwa hupokea mambo madogo kwa urahisi. Mwaka 1847 katika Hospitali Kuu ya Vienna, Dakta Semmelweis aliona kina mama wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila mia; mwezi wa Juni walikufa 2. Hata hivyo wenzake wengi walikataa kusadiki kwamba mikono ya mtu mstaarabu yaweza kuua. Alikufa mwaka 1865 bila kukubaliwa.

Tugeukie upande mwingine wa ndege, nao ni hatari isiyoonekana. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa, Comet ya Waingereza, ilitoka London kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Ilikuwa nzuri na laini kuliko zote. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani juu ya bahari ya Italia, moja Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili karibu na Naples. Watu 56 wakafa. Mafundi walichukua kiwiliwili kizima cha Comet, wakakizamisha katika tangi kubwa la maji, wakawa wakikisukuma kwa ndani na kukilegeza, kana kwamba kinaruka na kutua usiku na mchana. Kilipofika hesabu ya safari zaidi ya 3,000, kikapasuka. Sababu ikajulikana: kila safari shinikizo la hewa ya ndani lilisukuma ukuta wa ndege, na katika pembe za madirisha na matundu mengine palianza nyufa ndogo, zikaongezeka kidogo kidogo. Kwa nje ndege ilikuwa ikimetameta.

Msomaji aliye na umri wa miaka 40 na zaidi, mwenye kusema “mimi sijaugua tangu ujana wangu,” na ajipime kwa mfano huo. Mwili nao una shinikizo lake, la damu, nalo hupasua mishipa vivyo hivyo bila kelele. Wengi hulitambua siku ile ambayo mkono na mguu wa upande mmoja vimekufa ganzi na mdomo umekwenda upande. Kulipima ni kazi ya dakika chache katika zahanati. Likifika 140 juu au 90 chini, tena kwa kupimwa zaidi ya siku moja, ni la kutibiwa, hata kama mwenyewe anajiona mzima kama chuma. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyofichwa katika chakula cha dukani.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo waandishi wa mambo ya afya hulisahau mara nyingi. Ndege iliyoanguka mwaka 2019, pamoja na dada yake iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189, hazikuanguka kwa sababu rubani alisahau komeo. Ndani yake mlikuwa na mtambo uliopewa uwezo wa kushusha pua ya ndege wenyewe. Ndege ilikuwa na vipimo viwili vya kuupa habari, lakini mtambo ulisikiliza kimoja tu kwa wakati. Kilipodanganya, ukaamini uwongo. Marubani wa Indonesia hawakuwa wameambiwa hata kwamba mtambo huo upo. Je, orodha gani ingewasaidia? Kosa lilikuwa limetangulia kwa watengenezaji, na kwa wakaguzi waliopitisha kazi yao.

Vivyo hivyo hatukubali kumtupia mama wa kijijini lawama zote. Mama atembeaye saa mbili kutafuta ndoo moja, tena ya maji ya dimbwi, akihimizwa tu kunawa, anafanyiwa dhihaka. Serikali ya kijiji, halmashauri ya parokia, kamati ya shule, hao ndio watengenezaji wa ndege ya kijiji. Wakijenga shule yenye vyoo lakini haina maji ya kunawia, wameunda chombo kibovu, na watoto watalipa. Wazazi wana haki ya kuuliza jambo hilo katika mkutano, kwa adabu, tena kwa kurudia hata lijibiwe.

Palipo na maji, hata kidogo, kibuyu chirizi kikitundikwa karibu na choo hutumia maji machache sana, nacho hutengenezwa kwa dumu kuukuu, kamba na kijiti. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kulisha na kabla ya kula. Maji ya kunywa yachemke kwelikweli kwa dakika moja, na milimani juu sana dakika tatu. Yafunikwe, na yatolewe kwa kumiminwa au kwa kata yenye mpini mrefu. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, hata usiku wa kiangazi usio na sauti ya mbu. Na mtoto akianza kuhara, pasipokuwa na pakiti za dawa ya maji na chumvi, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo na kunyonya kuendelee. Akiwa na macho yaliyozama, au damu katika choo, au akishindwa kunywa, msingoje asubuhi.

Limebaki swali moja, nalo ni nani atakayesoma orodha hii nyumbani. Kule katika chumba cha upasuaji mara nyingi ni muuguzi, naye aweza kumzuia hata daktari mkuu. Kwetu mtoto hamkosoi baba yake, na hatutaki aanze. Lakini desturi yetu imekwisha mpa mtoto kazi hiyo bila sisi kuiona. Kabla ya chakula ni yeye aletaye birika na beseni, akapiga goti, akaanza kwa mgeni, akafuata baba na wengine, na hakuna mzee anayemkatalia. Basi mama na ampe kipande cha sabuni pamoja na birika, amwagie kila mmoja maji yatiririkayo badala ya wote kuchovya katika beseni moja, wala asimpite mtu, hata yule asemaye kwamba amekwisha nawa.