SOMO LA HISTORIA: MJUMBE WA WAMERU



Mkulima wa Ufipa anayefukia nyasi katika matuta yake anajua kwamba shamba ni kazi ya miaka mingi. Ukimwambia ahame, akaanze upya mahali pengine, umemwambia neno zito. Neno hilo waliambiwa Wameru wa Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, mwaka 1951.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Maana yake, Uingereza iliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Serikali ya mkoloni ilitaka Engare Nanyuki igawanywe iwe mashamba 13 ya walowezi. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, nao wakaelekezwa Kingori, mahali walipopakataa. Fidia nayo waliikataa.

Je, walishika mikuki? La. Walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet awe mjumbe wao. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 wawili hao walisema mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Lakini mwezi wa Desemba azimio la kuwarudishia Wameru ardhi halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa.

Basi, safari ile ilikuwa bure? Sivyo. Kirilo alirudi akawaeleza watu mambo aliyoyaona. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 kisa cha Wameru kilikuwa kinajulikana, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye alikwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Baraza hilo liliangalia pia visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kimoja ni Nauru, ambako uchimbaji wa fosfeti, yaani mawe ya kutengenezea mbolea, uliharibu ardhi. Wenyeji walipotakiwa wahamie kisiwa cha Curtis, Australia, walikataa mwaka 1964. Kiongozi wao, Hammer DeRoburt, alikuwa amepata kuwa mwalimu wa shule. Walipata uhuru tarehe 31 Januari 1968, naye akawa Rais wa kwanza.

Nilipokuwa nikifundisha niliwauliza wanafunzi: "Nani alimtuma Kirilo?" Wengi walijibu, "Wakili." Niliwaambia wasome tena. Walimtuma wale waliotoa senti zao huku hawana nyumba. Kiongozi asiyetumwa na watu husema yake mwenyewe. Aliyetumwa hawezi kuuza neno alilopewa, maana si lake.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Kwa nini Wameru waliikataa fidia?
2. Wameru na watu wa Nauru walifanana katika jambo gani?
3. Sisi hapa Malangali tukimtuma mjumbe, tunampa nini zaidi ya nauli?