RISASI BARIDI NAYO HUUNGUZA

Wanajeshi wakija kufanya mazoezi karibu na kijiji, kijiji huchangamka. Watoto hukimbilia kutazama. Wazee waliowahi kuvaa gwanda huanza kutufasiria maneno, maana askari wana lugha yao, na mengi ndani yake ni mzaha. Leo tusome baadhi ya maneno hayo. Tutaona pia kwamba mengine yanaweza kumponza raia.

Kuruta ni askari mwanafunzi. Neno hili ni la Kiingereza lililolainishwa na ulimi wetu. Kuruta hufundishwa kwata: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka! Akikosea hupewa doso, yaani adhabu ya kumtoa jasho. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hawahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Mkubwa wake humwita afande. Hili asili yake ni Kituruki, efendi, maana yake bwana. Lilifika kwetu na askari wa Kisudani, ambao Wajerumani waliwaajiri huko Misri mwaka 1889 waje kupigana pwani yetu.

Halafu kuna kifaru. Hakili majani, hunywa mafuta. Ni gari la chuma lenye bunduki kubwa. Na mzinga je? Mrina asali wa Tabora akisikia kwamba mizinga 21 imepigwa kumpokea mgeni wa taifa, si atauliza yamepatikana madebe mangapi?

Basi tumecheka. Sasa tuangalie maneno mawili, moto na baridi. Risasi ya moto ni ile yenye kichwa cha kuua. Risasi baridi ya mazoezi haina kichwa hicho; ina baruti tu, hutoa mlio na moshi. Mtu akisikia "baridi" hudhani ni kitu cha kuchezea. Sivyo hata kidogo! Baruti ile hutoka mdomoni mwa bunduki kwa moto na kwa nguvu, na mtu aliye karibu sana anaweza kuumia vibaya au kufa.

Neno jingine ni maganda. Risasi ikishapigwa, kinachodondoka ni ganda lake la shaba, kama ganda la karanga. Mazoezi yakiisha, watu huenda kuyaokota wakauze chuma chakavu. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu porini hapabaki maganda matupu peke yake.

Kombora likipigwa si lazima lilipuke. Pengine limetua kwenye tope au mchanga laini, au limeanguka kwa ubavu. Kile kifaa cha kuliwasha kikakwama katikati. Watu husema, "Hilo limekufa." Ndugu zetu, halijafa, limekwama tu. Jembe, jiwe, moto wa kuchoma majani, au mkono wa mtoto unaweza kuimalizia kazi ile. Wala tusitegemee kwamba litaoza. Chuma cha nje hupata kutu, lakini baruti ya ndani inaweza kukaa miaka mingi ikiwa na nguvu zake.

Jirani zetu wa Kenya wanayajua haya. Huko Archers Post na Dol Dol, kwenye malisho ya Wasamburu na Wamasai, wanajeshi wa Uingereza walifanya mazoezi kwa miaka mingi. Mabomu yaliyobaki yaliwaua na kuwakata viungo wachungaji, wengi wao watoto. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4 na nusu kwa watu zaidi ya 200. Fedha ni fedha, lakini mkono hauoti tena.

Na kwetu je? Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka na kuua wanafunzi. Mwenzao alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu.

Kwa hiyo ukiona bendera nyekundu kwenye eneo la shabaha, usipite, hata kama njia ile ni ya mkato. Ukikuta chuma usichokijua shambani au porini, usikiguse, usikirushie jiwe, usikifukie. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe. Ukiwa mbali weka alama ya matawi njiani, zuia watoto na mifugo, kisha mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, naye ataita polisi au jeshi. Mnunuzi wa chuma chakavu naye aambiwe wazi mbele ya mkutano wa kijiji: asipokee vitu hivi kutoka kwa watoto.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
Kwa nini kombora linaweza kuanguka bila kulipuka? Katika kijiji chenu, nani huokota chuma chakavu, na hukitoa wapi? Mtoto akileta nyumbani chuma cha ajabu mkononi, mzazi afanye nini kwanza?